Vuta N'Kuvute: Ufundi wa Kuirudisha Jana Bila Kuijenga

Vuta N'Kuvute ni filamu ya mapenzi ya dakika 92 iliyoongozwa na Amil Shivji wa Tanzania, nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Septemba 2021. Hadithi yake imewekwa Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza angali ameshika hatamu na siasa za uhuru zimeanza kuchemka. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume aliyempita mno kwa umri, anaikimbia ndoa na kupata hifadhi kwa Mwajuma, mwimbaji wa taarab. Huko anakutana na Denge, kijana anayesambaza makaratasi ya siri dhidi ya ukoloni. Yasmin anaigizwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, Mwajuma na Siti Amina.

Kiini chake ni riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Riwaya hiyo ni ndefu, ina wahusika wengi na safari za kuvuka bahari. Kitabuni, Mombasa si jina la kupita tu. Ndiko Bwana Raza, mume wa Yasmin, anakohamia naye, ndiko Yasmin anakotoroka kurudi Unguja, na ndiko anakoishi Bukheti, jirani ambaye umuhimu wake unaonekana baadaye. Shivji na mwandishi mwenzake, Jenna Bass wa Afrika Kusini, waliukata mguu huo wa hadithi. Filamu imebaki Unguja.

Msomaji wa kitabu anaweza kulalamika, lakini kisa cha mapenzi kinachopewa saa moja na nusu hakibebi miji miwili. Isitoshe, katika filamu ya zama zilizopita kila mahali panapoongezwa ni gharama mpya ya kufuta alama za leo. Ufuo wa Mtongwe, Mombasa, unatosha kuonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Anayesimama hapo na kuelekea kisiwani huona Kilindini na Kipevu ng'ambo ya maji: kreni za kushushia makontena zimejaza upeo wote, na meli zimerundikiwa masanduku ya chuma hadi juu. Safari ya kwanza ya meli ya makontena ilifanyika Marekani mwaka 1956, na ilichukua miaka mingi kabla ya mtindo huo kufika pwani hii. Kontena moja tu likiingia kwenye picha, mwaka wa hadithi umeshaharibika. Kamera ikigeuzwa nyuma, ikatazama mikoko, mibuyu na mchanga wa maji kupwa, hapana kitu kinachotaja mwaka. Hata hapo lakini dumu la plastiki la manjano ndani ya ngalawa linatosha kuumbua kazi ya siku nzima, na tanga lililoshonwa kwa turubai la kisasa vilevile. Tena Mtongwe ni kituo cha Jeshi la Wanamaji, kwa hiyo kabla ya kufikiria kreni mtu afikirie kibali.

Wafaransa, waliozizoea filamu za mapenzi ya enzi zilizopita, kwa desturi hulitatua tatizo hili kwa seremala. Mfano mkubwa ni Les Enfants du paradis ya Marcel Carné, iliyoandikwa na Jacques Prévert na kuonyeshwa Machi 1945. Nayo inahusu wasanii wanaotafuta jina: Baptiste, mwigizaji wa ishara bila maneno, na Frédérick, mwigizaji mwenye majivuno, wote wakimpenda Garance katika Paris ya karne ya 19. Barabara nzima ya majumba ya maonyesho ilijengwa upya katika studio za Victorine mjini Nice, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, na majumba ya nyuma yakafanywa madogo kuliko ya mbele ili barabara ionekane ndefu kuliko ilivyo. Msanifu wake, Alexandre Trauner, alikuwa Myahudi, na aliifanya kazi hiyo mafichoni. Jana ya Wafaransa, basi, ni jana ya mbao, plasta na rangi, na hakuna waya wa umeme unaoweza kuingia humo bila kualikwa.

Pwani ya Waswahili haina studio ya namna hiyo. Ina Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, baraza na vichochoro vilivyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni seti iliyokwisha kujengwa na mafundi wa karne ya 19. Anayepiga picha hapo hafanyi kazi ya kuongeza, anafanya kazi ya kuondoa. Anazikwepa nyaya, antena za sahani, matangi ya maji juu ya mapaa, vibao vya maduka ya vinyago na bodaboda iliyoegeshwa pembeni. Kichochoro chembamba kinamsaidia mno, maana ukuta wa kulia na wa kushoto hufunga picha wenyewe, na mbingu yenye nyaya hubaki ukanda mwembamba unaoweza kukatwa.

Tatizo liko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Riwaya ya Adam Shafi haiishi Mji Mkongwe peke yake. Roho yake iko upande wa pili, mtaani kwa Mwajuma, kwenye nyumba za udongo na mapaa ya makuti na mabati, ambako tabaka na kabila huchanganyika kuliko mjini. Sehemu ya Ng'ambo hiyo ilibomolewa baada ya Mapinduzi ya 1964 ili kupisha majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kwa hiyo mtaa uliobeba hadithi hauwezi kupigwa picha kwa upana, kwa sababu haupo tena kama ulivyokuwa. Kinachowezekana ni kuubana: chumba, dirisha, ua, uso wa mtu, taa moja. Ndiyo maana filamu huegemea ndani ya vyumba, usiku, na picha za karibu. Mtazamaji huiona kama lugha ya mapenzi ya siri, nayo ni hivyo kweli, ila chini yake kuna hesabu. Wapenzi wanaojificha na fundi anayeificha leo wanahitaji giza lilelile.

Na seti iliyokwisha kujengwa ina ubaya wake pia: haimsubiri mtu. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la masultani katika Mji Mkongwe, iliporomoka, na mwongozaji aliyetaka uso wa jengo hilo kama ulivyokuwa zama hizo akabaki hana njia ila kompyuta.

Baada ya mahali, mwanga ndio unaofanya kazi ya pili. Kandili hutoa mwanga wa manjano unaoanguka karibu na kufa upesi. Taa za leo hutoa weupe unaofika kila pembe. Fundi wa mwanga akitaka chumba kiseme miaka ya 1950, huanza kwa kukubali kwamba nusu ya chumba haitaonekana. Lenzi iliyofunguliwa sana humsaidia: uso unakuwa mkali, ukuta wa nyuma unayeyuka, na swichi ya kisasa iliyokuwa ukutani inageuka doa lisilo na jina. Ule ulaini ambao mtazamaji huuita kumbukumbu, mara nyingi ni swichi isiyoonekana.

Mavazi yanahitaji uangalifu kuliko majengo, kwa kuwa watu wa pwani huyasoma mavazi kama wasomavyo gazeti. Buibui la zama hizo halikuwa abaya ya leo yenye mikono na kitambaa cha uso kando. Lilikuwa nguo nyeusi pana iliyofungwa kwa kamba kichwani, ikashikwa na kupangwa kwa mkono, na mwanamke aliweza kujifunua au kujifunika kwa ishara moja. Kwa mwigizaji hicho ni chombo cha kazi, maana namna ya kulishika buibui ni maneno. Kanga nayo ina tarehe zake. Majina ya kanga yaliwahi kuandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya hati za Kirumi kushika, na michoro ya leo inatambulika na bibi yeyote aliyewahi kununua doti katika Biashara Street, Mombasa. Kosa la kanga halionekani Toronto. Linaonekana Likoni kabla mhusika hajafungua mdomo.

Sauti ndiyo sehemu iliyo tajiri zaidi. Usiku wa mjini leo hautulii: kuna majenereta, pikipiki, vipaza sauti vya misikiti vinavyopokezana. Sauti hizo hazikatwi kwa kugeuza kamera, hivyo filamu ya zama zilizopita hulazimika kujengewa usiku mpya mezani kwa fundi wa sauti, tabaka baada ya tabaka: mawimbi, nyayo kwenye mawe, mlango wa mbao, mvua. Juu ya tabaka hizo inakaa taarab.

Hapa uamuzi mkubwa ulikuwa kumchagua Siti Amina. Nje ya filamu yeye ni mwimbaji wa Zanzibar na kiongozi wa Siti and the Band, kwa hiyo pumzi, mkono na jicho la mwimbaji havikuhitaji kufundishwa. Mwigizaji anayejifanya mwimbaji huangalia hadhira. Mwimbaji wa kweli huwasikiliza wapigaji. Mwajuma anasimama katika ukoo wa Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kufariki 1950, mwanamke wa shamba aliyeingia mjini na kujipatia jina kwa sauti yake. Filamu haihitaji kulieleza hilo. Ndoto ya msanii imo katika mwili wa Mwajuma, ilhali ndoto ya Denge ni ya siasa na ya Yasmin ni ya kuwa huru na nafsi yake. Taarab pia inatatua tatizo la mazungumzo: mambo ambayo wapenzi wa zama hizo wasingeyatamka waziwazi hupita katika wimbo, kwa mafumbo, mbele ya watu wote, na kila mmoja akachukua lake.

Mwendo wa filamu ni wa taratibu, na wapo wanaouona mzito. Hoja yao ina uzito katika nyuzi za siasa, ambazo wakati mwingine huonekana kama pazia la nyuma ya mapenzi badala ya kuwa moto wake. Asiyeijua historia ya Zanzibar hapati msaada mkubwa. Kwa anayeijua, mwendo huo una kazi nyingine. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika Julai 1957 na Mapinduzi yakaja Januari 1964, na mtazamaji wa pwani anaingia ukumbini akiwa na tarehe zote mbili kichwani. Filamu haifiki huko. Inabaki na wapenzi na zama zao, huku aliyeketi gizani akiendelea kuhesabu miaka iliyobaki.