Sifa za Fundi wa Klachi

Katika harufu zote ambazo gari huweza kuzitoa, ya petroli inayovuja, ya ganda la waya lililoungua, ya maji ya rejeta yaliyochemka kupita kiasi, hakuna inayomshtaki dereva na gari lake kwa pamoja kama harufu ya klachi. Kwa kuwa harufu nyingine aghalabu huanzia katika kitu kilichochakaa au kilichokatika, ilhali hii huweza kuanzia katika chuma, huweza kuanzia katika mguu wa mwanadamu, na mara nyingi huanzia katika vyote viwili, hata pua isiyozoea isijue kipi kilitangulia. Kwa sababu hiyo naamini kwamba fundi wa klachi hufanya kazi mbili, ya mikono na ya kadhi, na kwamba anayestahili sifa katika ufundi huu si yule aliye mwepesi wa kufungua nati, bali ni yule anayejua kuamua kwa insafu baina ya mguu na chuma kabla hajagusa spana.

Atakaye kuuona ustadi huo na autazame hapa Kibuli. Kilima hiki cha Kampala, ambacho juu yake umesimama msikiti mweupe uliofunguliwa mwaka 1951 katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, kimezungukwa na shule, hospitali na chuo cha polisi, na njia zinazokipanda si pana. Basi siku ya Ijumaa, adhuhuri inapokaribia, magari hufuatana yakipanda kidogo kidogo, likisimama moja yakasimama yote, huku bodaboda zikipenya katikati na waendao kwa miguu wakikatiza mbele ya bampa. Katika njia ya tambarare klachi hukanyagwa, ikaachwa, ikasahauliwa. Mlimani haisahauliki, maana uzito wa gari unavuta nyuma, gari la mbele halina haraka, na la nyuma limesogea karibu mno. Na dereva aliyeingiwa na hofu ya kurudi nyuma huiachia klachi nusu, akaongeza mafuta kidogo, gari likabaki limening'inia pale pale, haliendi wala halirudi, naye akajiona hodari. Madereva wetu huliita jambo hilo balansi, na wapo wanaolionea fahari. Afikapo kileleni harufu imekwisha kuingia madirishani, na abiria wameanza kutazamana.

Linalotokea chini ya miguu yake ni hili. Flaiwili, gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, huzunguka muda wote injini inaponguruma; pleti ya klachi, sahani nyembamba iliyovikwa pande zote mbili kitambaa kigumu cha msuguano, imeshikamana na shafti iendayo katika giaboksi; na presha pleti, kwa nguvu ya springi zake, huibana sahani hiyo juu ya flaiwili hata vitatu hivyo vikazunguka kwa mwendo mmoja. Mguu ukikanyaga, mbano hulegea. Mguu ukiachia, mbano hurudi. Baina ya kulegea na kubana pana kipindi kifupi ambamo chuma kinakwenda kwa kasi yake na sahani kwa kasi yake, vikisuguana, na msuguano huzaa joto. Hata dereva bingwa hawezi kuliepuka joto hilo, kwa kuwa kila gari linapoondoka kutoka kusimama, joto linalozaliwa ndani ya klachi hukaribia kulingana na nguvu yote ya mwendo ambayo gari limeipata. Lakini kwake hudumu sekunde moja au mbili, kisha chuma kikapoa. Yule aliyening'inia mlimani hana mwendo anaoupata hata kidogo. Magurudumu yamesimama, na kwa hiyo nguvu yote ambayo injini inaisukuma katika sahani hugeuka joto, na joto hilo halina pa kukimbilia isipokuwa katika kitambaa kile na vyuma vinavyokibana. Nyuzi za kitambaa zimeshikamanishwa kwa gundi, na gundi ikizidiwa na joto huanza kuungua. Ndiyo harufu hiyo kali, ya ukakasi, iliyo karibu na ya karatasi iliyochomwa, ikaayo puani hata baada ya injini kuzimwa.

Nilimtazama fundi mmoja, mtu wa makamo, katika gereji isiyo na ukuta chini ya kilima hiki, alipoletewa gari lililokuwa likitoa harufu hiyo waziwazi. Vijana wake walikuwa wamekwisha kuvuta jeki. Yeye aliwazuia kwa mkono, akainama dirishani, akamwuliza mwenye gari kwa sauti ya upole: "Haji, ukiwa mlimani nyuma ya gari lingine, mguu wako wa kushoto unakaa wapi?" Mwenye gari alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba unakaa juu ya klachi, ungekaa wapi tena. Fundi hakumcheka wala hakumkemea. Aliendelea kuuliza kama harufu imeanza leo au ina majuma. Kama huja mlimani tu au hata katika tambarare. Kama gari lilikuwa limebeba mzigo au limevuta jingine. Na kama injini huwa inapaza sauti pasipo gari kuongeza mwendo, hasa katika gia ya tatu na ya nne, ambapo klachi iliyokwisha nguvu hudhihirika mapema kuliko katika gia ya kwanza.

Baada ya maswali akaingiza mkono, akaikandamiza pedali kwa kiganja, si kwa mguu, apate kuhisi ule mchezo mdogo ulioko mwanzoni kabla waya wa klachi haujaanza kuvuta. Mchezo huo ukikosekana, klachi huwa imekanyagwa nusu hata mguu wa dereva ukiwa mbali nayo, sahani ikateleza mchana kutwa, na dereva asiye na hatia akabebeshwa dhambi ya waya uliokazwa mno. Mchezo ulikuwapo. Akatazama chini ya nyumba ya klachi kwa kurunzi, akitafuta oili, palikuwa pakavu. Ndipo akapanda mwenyewe, akavuta breki ya mkono hadi mwisho, akaingiza gia ya nne, akaongeza mafuta kiasi, akaiachia klachi taratibu. Injini ikatetemeka ikazima. Hilo lilikuwa jibu alilolitaka, kwa kuwa klachi nzima hulazimisha injini kuzima mbele ya breki iliyoshika, na iliyochoka huteleza na kuiacha injini ikinguruma. Jaribio hilo alilifanya mara moja, hakulirudia, akijua kwamba kila marudio ni moto mwingine juu ya kitambaa kilichokwisha kuteseka.

Akashuka akasema klachi ni nzima, iachwe ipoe, na mguu utolewe juu yake.

Kama hukumu ingekuwa juu ya chuma, kazi isingekuwa ndogo. Shafti ndefu hufunguliwa, waya huchomolewa, na giaboksi yenyewe, nzito kuliko inavyoonekana, hupokewa kifuani na mtu aliyelala chali chini ya gari. Nimeiona sahani iliyoungua ikitolewa: uso wake, uliopaswa kuwa wa kijivu na wenye kukwaruza kidole, ulikuwa mweusi, laini, wenye kung'aa; vichwa vya ribiti vilikuwa vimekaribia kusawazika na kitambaa; na juu ya flaiwili palikuwa na madoa ya buluu pale chuma kilipopata joto kupita kiasi, na baina ya madoa hayo nyufa nyembamba mno ambazo zilionekana tu alipoiinamisha penye jua. Fundi wa haraka hufunga sahani mpya juu ya uso huo, na gari likaanza kutetemeka kila linapoondoka. Mwenye kuipenda kazi yake huipeleka flaiwili penye kerezo, hata ikimlazimu kufika kwa mafundi wa Katwe, uso ukasawazishwa. Au, nyufa zikiwa zimezama, huikataa. Huenda na mwenye gari hadi Soko la Kisekka amsaidie kutenga kipuri halisi na cha bandia, na hununua sahani, presha pleti na beringi pamoja, kwa kuwa taabu ya kushusha giaboksi ni ile ile. Akikuta oili, huitafuta sili iliyoivujisha kwanza, maana sahani mpya iliyowekwa mbele ya sili mbovu italowa kama ile ya kwanza. Huiweka sahani katikati kwa kupitisha shafti kuukuu ya giaboksi kabla ya kukaza boliti, nazo huzikaza kwa kukingamana, si kwa kuzunguka. Wala haigusi sura ya kitambaa kwa mkono wenye grisi.

Naongeza jambo moja la afya. Kwa miaka mingi vitambaa hivi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi ya mauti, saratani ikiwa mojawapo. Kwa hiyo vumbi la klachi ya gari la zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, na vijana wa gereji wafundishwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Upo pia ustadi wa dereva, nao una utukufu wake katika nchi iliyomzaa Shekhar Mehta, mshindi wa Safari Rally mara tano. Mtazame dereva mzuri wa takisi akipanda Kibuli na abiria wake kumi na wanne. Gari la mbele likisimama, naye husimama, akavuta breki ya mkono, akatoa gia, na mguu wake wa kushoto akauweka sakafuni. Safu ikianza kusogea hafanyi pupa. Hungoja nafasi ipatikane ya kwenda hatua za kutosha, kisha huingiza gia ya kwanza, akaiinua klachi taratibu hata sauti ya injini ishuke na pua ya gari iinuke kidogo, akaongeza mafuta kwa kiasi, akaishusha breki, na gari likaondoka pasipo kurudi nyuma hata upana wa kiganja, na mara hiyo hiyo mguu ukaiacha pedali kabisa. Abiria hawaoni kitu. Na aliyekwisha kuipata harufu asikaidi: atafute mahali tambarare, atoe gia, aondoe mguu, afungue madirisha, angoje hata nusu saa, wala asimwage maji juu ya chuma chenye moto, kisha aondoke kwa upole, na akiona injini inapaza sauti ilhali mwendo hauongezeki, asipande mlima tena kabla ya kumwona fundi.

Mwenye gari yule alifurahi kwa hukumu aliyopewa, akashukuru, akaondoka bila kutoa hata shilingi, kwa kuwa hakuna kilichofunguliwa wala kilichofungwa. Fundi hakudai. Nami naona hiyo ni dhuluma tuliyoizoea: tunamlipa anayeshusha giaboksi isiyo na kosa, na kumwacha mikono mitupu anayetuambia isishushwe, kisha tunashangaa kuona mafundi wengi wana haraka ya kufungua. Ewe msomaji, ukimpata fundi atakayekuuliza mguu wako unakaa wapi kabla ya kukuuzia sahani mpya, mpe ujira wa swali hilo, na umpe siku ile ile.