Wekundu Bila Kingo: Ulaini wa Picha ya Ua Unavyotengenezwa

Picha ninayoichambua ni ya ua la haibiskasi, lile jekundu linalopandwa kwenye uzio wa nyumba pwani na bara. Anayeitazama mara ya kwanza haoni ua. Anaona wekundu uliotanda pembe hadi pembe, umekolea kushoto na kufifia kulia, na katikati vitufe vitano vidogo vyenye vinyweleo. Hizo ni ncha tano za stigma, na ndiyo sehemu pekee iliyo kali katika picha nzima.

Swali ninaloulizwa kila mara ni programu gani iliyotia ukungu ule. Hakuna. Ulaini wote ulipatikana kabla mwanga haujafika kwenye sensa, na kuna sababu ya msingi ya kufanya hivyo. Ukungu wa programu ukimwagwa juu ya picha hufifisha vilivyo karibu na vilivyo mbali kwa kipimo kimoja. Ukungu wa lenzi huongezeka hatua kwa hatua kadiri kitu kinavyoachana na fokasi, na jicho hulitambua hilo hata kama mtazamaji hawezi kulieleza.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Kulifanya ua liwe dhahania ni kazi ya fremu: unakaribia mpaka umbo lote halionekani tena. Kulifanya laini ni kazi nyingine kabisa. Mmarekani Imogen Cunningham alipiga picha yake maarufu ya ua la magnolia mwaka 1925. Alilikaribia mno, lakini stameni zake zinaonekana moja moja kwa ukali wa kushangaza. Mwaka 1932 akawa mmoja wa waanzilishi wa Group f/64, kundi lililojiita kwa jina la tundu dogo kabisa la lenzi, lile linalokaza kila kitu. Udhahania ulikuwepo bila ulaini.

Sisi tunakwenda njia ya pili, tundu wazi. Kwenye sensa ya ukubwa kamili, ukipiga kwa kipimo cha 1:1 na tundu la f/2.8, eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha takriban theluthi moja ya milimita, sawa na karatasi tatu za ofisini zilizopangwa pamoja. Hapo ndipo haibiskasi inapolishinda waridi. Stigma yake imesimama kwenye ncha ya mhimili mrefu, sentimita kadhaa mbele ya petali, kwa hiyo petali zinayeyuka zote na kubaki rangi tupu. Chavulio za manjano, zilizo nyuma kidogo ya stigma, zinageuka duara za mwanga zenye kingo hafifu. Kwenye waridi petali zimebanana. Ukikaza moja, ya jirani nayo inajitokeza nusunusu, na picha inakosa utulivu.

Theluthi ya milimita haina huruma. Lazima uso wa kamera uwe sambamba na vile vitufe vitano. Ukiinama kidogo tu, viwili vinapotea. Fokasi ya otomatiki hapa huhangaika mbele na nyuma bila kutulia, hivyo naizima. Naweka kipimo ninachotaka, kisha naisogeza kamera yenyewe taratibu huku nikipiga mfululizo, na baadaye nachagua fremu moja. Saa ni asubuhi mapema, upepo haujaamka na ua ndiyo kwanza linafunguka. Haibiskasi nyingi hudumu siku moja tu, na jioni vinyweleo vimeshalala. Shata isishuke chini ya 1/250, hata kama ISO itapanda. Chenga kidogo kwenye wekundu hazinisumbui.

Ile sehemu iliyofifia kulia ilitoka kwingine. Ni petali ya ua la pili, iliyokaribia kugusa kioo cha lenzi. Kwa f/2.8 inakuwa pazia lisiloonekana. Funga tundu hadi f/11, na pazia hilo linageuka doa lenye mpaka.

Iko pia njia ya lenzi zilizoundwa ziwe laini. Ndani yake miale inayopita ukingoni haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, ndiyo maana mstari mkali unavikwa mng’ao. Lensbaby Velvet 56 hufanya hivyo ikiwa wazi kwa f/1.6, na inafika kipimo cha 1:2. Naipenda kwa maua meupe. Ila pamoja na pazia la petali siitumii, maana mng’ao juu ya pazia huondoa hata ule ukali mdogo unaoibeba picha.

Kilichobaki ni mwanga, na hapa picha nyingi za maua mekundu hufia. Kipimamwanga cha kamera kinakwambia mambo ni sawa, kumbe chaneli nyekundu imeshafurika na petali imekuwa bapa, haina kukolea wala kufifia. Picha laini haina mistari ya kuitegemea. Inaishi kwa mabadiliko hayo ya rangi tu. Kwa hiyo napunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu nzima, napiga kwa faili ghafi, na ninatazama histogramu ya nyekundu peke yake. Ikigonga ukuta wa kulia, narudia fremu palepale, jua likiwa bado chini.