Kuku Wanaporejea Bandani

Waingereza wana msemo usemao kwamba kuku hurejea kulala bandani mwao. Maneno yake ni mepesi, hata mtoto wa shamba angeyafasiri. Maana ndiyo inayomsumbua mfasiri. Msemo huo wasema kwamba ovu alilolituma mtu litamrudia mwenyewe, na kwamba halina njia nyingine ya kupita.

Asili yake ni laana. Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, aliifananisha laana na ndege arejeaye kiotani mwake. Robert Southey akaweka vifaranga mahali pa ndege huyo, katika maneno ya ufunguzi ya The Curse of Kehama, utenzi uliochapishwa mwaka 1810. Badiliko hilo si dogo. Ndege wa porini hana mwenyewe, bali kifaranga hulelewa. Asubuhi hufunguliwa mlango na mwenye nyumba, hushinda akichakura mitaani, na jua likizama hahitaji kuitwa.

Hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno hukwama. Msomaji wa mwambao akiambiwa kuku wamerejea magharibi, huona nyumba iliyotulia: adhana, moshi wa jikoni, siku iliyokwisha salama. Kitisho hakimo. Aghalabu wafasiri hukimbilia "malipo ni hapa hapa duniani". Ni methali nzuri, ila yamwingiza mlipaji, ilhali kuku halipizi kisasi, amerejea tu. "Mchimba kisima huingia mwenyewe" yakaribia zaidi, kwani haina hakimu. Walakini kisima hakitembei, na ile safari ya kutwa nzima imepotea.

Uzito wa jambo hili waonekana kwa Malcolm X. Tarehe 1 Desemba 1963, mjini New York, siku tisa baada ya Rais Kennedy kuuawa, aliulizwa juu ya mauaji hayo, akajibu kwa msemo huu. Kisha akaongeza kwamba yeye, mtoto wa shamba, hajapata kuhuzunishwa na kuku warejeao, humfurahisha. Elijah Muhammad alimkataza kusema hadharani kwa siku 90, na Machi 1964 Malcolm akajitoa katika Nation of Islam.

Mfasiri atakayeandika "malipo" hapa atamfanya Malcolm kadhi mwenye kutoa hukumu. Zaidi ya hayo, furaha ile ya mtoto wa shamba itabaki haina mahali pa kukaa, kwa kuwa yategemea picha yenyewe ya jioni. Basi utulivu ule wa magharibi, ulioonekana kuwa kasoro ya tafsiri sisisi, ndio hasa uliowaudhi Wamarekani. Kuku waachwe kuwa kuku.

Lakini Kiswahili nacho kina kuku wake na laana yake: "Dua la kuku halimpati mwewe". Methali hii yasema kinyume. Mnyonge na alaani atakavyo, mwenye nguvu yuko juu, anaruka. Malcolm, aliyemtaja pia Patrice Lumumba aliyeuawa Januari 1961, alisema na watu walioaminishwa maisha yao yote kwamba dua lao haliruki. Yeye hakudai kwamba limeruka. Alisema kwamba kuku waliorejea jioni ile hawakuwa wa mnyonge. Walikuwa wa mwewe, aliowafuga mwenyewe. Tafsiri isiyomwachia msikilizaji nafasi ya kuikumbuka methali hiyo, hata kama haikutajwa, imemnyima nusu ya jibu.