Siku Kumi na Nne Jikoni kwa Bibi

Machi 2020, vyuo vilipofungwa, nilipanda basi Ubungo nikarudi nyumbani Kasulu. Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, na kuanzia hapo vumbi jekundu la Kibondo likaingia hadi kwenye meno. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa tarehe 16 mwezi huo, huko Arusha. Ndani ya basi tulikaa bega kwa bega, na abiria mmoja tu ndiye aliyevaa barakoa. Wengine tulimtazama kama mtu aliyekuja harusini na mwavuli.

Bibi hakunikumbatia. Alisimama mbali, karibu na mgomba, akapiga makofi taratibu kama wazee wa Buha wanavyosalimu. "Mwakeye, mjukuu wangu. Mzigo weka hapo hapo. Utalala jikoni."

Jiko lenyewe ni kibanda cha matofali mabichi nyuma ya nyumba. Nililala humo siku kumi na nne, juu ya mkeka, kati ya mafiga na gunia la muhogo mkavu. Chakula kililetwa na mdogo wangu, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo mimi nikatoka kukichukua. Majirani walipita uani kuhakikisha kwamba nipo. Hakuja askari, hakuja afisa afya, wala mtendaji wa kijiji hakuandika barua. Nchi yetu haikuwafungia watu ndani kama Rwanda au Uganda, na hatukuwa na marufuku ya kutoka usiku kama Kenya. Mimi nilifungiwa na bibi yangu.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kwa majivuno. Niliwaambia wenzangu chuoni kwamba wakati majirani zetu wanapigwa virungu ili wakae ndani, kijiji chetu kilijitawala chenyewe. Sasa nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu ugonjwa mwingine uliopita katika milima hii hii, yaani malale. Vitabu nilivyosoma kwa ajili ya kazi hiyo vimenifanya nikipende kisa changu zaidi, kisha vikanifanya nikitilie shaka.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliamua kwamba dawa ya malale huku Buha ni kuwahamisha watu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mbung'o anaishi vichakani pamoja na wanyamapori. Mtu mwenye mji wake peke yake katikati ya pori anaumwa na mbung'o kila siku. Basi wakusanye watu mamia ya kaya mahali pamoja, wafyeke vichaka kuzunguka makazi yao, na mbung'o atakosa pa kujificha. Watu wa Kibondo na Kasulu waliokuwa wametawanyika katika nyika za mashariki wakaamriwa wahamie kwenye makazi hayo mapya. Mama yake bibi alikuwa mmoja wao, bi harusi mchanga wakati huo. Bibi alizaliwa katika makazi hayo. Anasema mama yake alisimulia jinsi nyumba za zamani zilivyochomwa moto ili mtu asipate pa kurudi. Sehemu kubwa ya nyika walizoziacha leo imo ndani ya Pori la Akiba la Moyowosi. "Kule kwetu siku hizi ni kwa tembo," bibi husema.

Kitabu cha kwanza kilichonishika ni cha John Ford, The Role of the Trypanosomiases in African Ecology, kilichotoka mwaka 1971. Ford alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi ya mbung'o katika makoloni kwa miaka mingi, na mwishoni akaandika kitabu kinachoishitaki kazi hiyo. Anasema Waafrika walikuwa wamejua kuishi na malale kabla ya wakoloni kufika. Walilima, walifyeka, walichoma nyika, walichagua pa kulisha mifugo, na waliacha pori fulani lisiguswe. Mpangilio huo ulivunjika miaka ya 1890, sotoka ilipoua ng'ombe, njaa na vita vikafuata, mashamba yakarudi kuwa vichaka na mbung'o akajitanua. Halafu wakoloni wakaja kutibu jeraha ambalo ujio wao ulisaidia kulifungua, wakaita tiba hiyo sayansi.

Kitabu cha pili ni cha Helge Kjekshus, Mnorwei aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ecology Control and Economic Development in East African History kilitoka mwaka 1977 na kinaisukuma hoja ya Ford mbele zaidi. Kwake yeye, watu wa Tanganyika ya kale walikuwa mabwana wa mazingira yao, na ukoloni ndio uliowapokonya ubwana huo. Angalia pia wakati wa kuandikwa kwake. Operesheni Kigoma ya 1972 ilikuwa imekwisha kuwahamisha watu wa mkoa wetu kwa mara nyingine, safari hii kwa jina la Ujamaa, na operesheni kama hizo zilikuwa zimeenea nchi nzima. Kumwambia msomaji wa 1977 kwamba wakulima walijua walichokuwa wakifanya lilikuwa jambo zito.

Nilipovisoma vitabu hivi niliona jiko la bibi kila ukurasa. Nilitaka kuandika sura nzima ya tasnifu kuthibitisha kwamba watu wakiachwa, wanajua. Msimamizi wangu alisoma rasimu, akaandika pembeni swali moja: "Watu gani?"

Swali hilo ndilo udhaifu wa vitabu hivi. Kwa Ford, na kwa Kjekshus zaidi, "Waafrika" wanafyeka, wanachoma, wanajua, wanaamua, na wote wanafanya hivyo kwa pamoja. Hutasikia mke akibishana na mume, wala mwenye ng'ombe akimwamuru asiye na ng'ombe. Lakini Buha ilikuwa na tawala zake: Heru huku Kasulu, Muhambwe kule Kibondo. Ilikuwa na Mwami, na chini yake watwale. Ilikuwa pia na wateko, walinzi wa ardhi, ambao mtu aliwaendea kabla ya kufungua pori jipya. Hao wote walikuwa "jamii". Na Waingereza walipotaka watu wahame, waliwapitishia amri hao hao Wami na watwale, kwa sababu ndivyo utawala wao ulivyojengwa. Aliyekuja mlangoni kwa mama yake bibi hakuwa Mzungu. Alikuwa mtu aliyejua jina la baba yake. Hapo mstari kati ya jamii inayojiongoza na serikali inayolazimisha unapita katikati ya mtu mmoja.

Kirk Arden Hoppe analiona hili vizuri zaidi katika Lords of the Fly, kitabu cha 2003 kuhusu malale Uganda na Tanganyika. Kwake, watu hawakuwa wahanga tu wala mashujaa tu. Walikwepa, walijadiliana, walirudi porini kwa siri, na wengine walijinufaisha kwa makazi mapya. Hii inafanana zaidi na nilivyosimuliwa nyumbani. Mume wa mama yake bibi aliendelea kurina asali katika pori lililokatazwa, kwa sababu mizinga haikuhamishwa pamoja na watu. Lakini huyo mama mwenyewe hakuyalaani makazi moja kwa moja. Kaka yake alikufa kwa malale kabla hawajahama. Alimwona akisinzia akiwa na tonge mkononi. Alipoulizwa kuhusu Wazungu alisema mambo mawili, na hakuona kama yanapingana: walituchomea nyumba, na walikuwa na sindano.

Sijapata kitabu kinachoyaweka maneno hayo mawili katika sentensi moja. Ford yuko karibu, ila kwake sindano ni jambo dogo mbele ya mpangilio mkubwa wa mazingira. Kwa mtu mwenye kaka anayesinzia, halikuwa dogo.

Swali la "watu gani" lilinirudisha pia kwenye jiko langu mwenyewe. Kuna jambo nilikuwa nikiliruka kila niliposimulia. Wiki ile ile niliyokuwa ndani, alikuja kijana wa Kirundi aliyezoea kutupalilia maharage kwa kibarua. Wilaya zetu zimepokea wakimbizi kwa miongo: Wakongo wapo Nyarugusu tangu 1996, na Warundi walijaa Nduta na kwingine baada ya machafuko ya 2015. Vijana wengi hutoka makambini kutafuta vibarua mashambani. Huyu alikuwa anadai ujira wa siku mbili. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango. Majirani walimzuia barabarani, wakamwambia arudi na ugonjwa wake. Aliomba maji ya kunywa. Ndoo yenye bomba ilikuwa pale, na sabuni juu yake, na hakuna aliyemfungulia. Mimi niliyekuwa nimetoka Dar es Salaam kwa basi lililojaa nililetewa ugali na migebuka. Yeye, aliyekuwa ametembea kwa miguu kutoka wilaya hii hii, alifukuzwa. Na mimi sikufungua mdomo. Nilijiambia kwamba niko karantini.

Kijiji kilijiwekea sheria, ndiyo. Lakini sheria hiyo ilikuwa na mjukuu na ilikuwa na mgeni, na haikuwapima kwa kipimo kimoja. Sheria mbaya ya serikali ingenipa angalau mahali pa kuipinga. Hii ya kwetu ilikuwa desturi, na desturi haina ofisi ya kupeleka malalamiko.

Je, basi bora virungu? Hapana. Kenya waliweka marufuku ya usiku Machi 2020, na siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 akauawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Nairobi. Sihitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Ila kwetu tulikosea kudhani kwamba kinyume cha kirungu ni serikali kunyamaza.

Maana ilinyamaza. Takwimu zilikoma kutolewa kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020. Namba yetu ilibaki wagonjwa 509 na vifo 21, miezi ikapita, namba ikasimama pale pale kama saa iliyokufa betri. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka likionya juu ya wimbi jipya. Siku zile zile Rais Magufuli alitilia shaka chanjo akiwa Chato, na tarehe 1 Februari Waziri wa Afya akasema nchi haina mpango wa kupokea chanjo. Katikati ya maneno hayo, baba yangu mdogo alifariki. Cheti hakikutaja korona. Watu walisema "changamoto ya upumuaji", neno lililoenea nchi nzima msimu ule.

Msiba ulijaa. Tulikula sinia moja, tulilala kwenye mikeka tukigusana miguu, tulishikana mikono na kila aliyekuja. Wiki zilizofuata wazee wengine wawili wa ukoo walifariki. Sitasema walikufa kwa nini. Hakuna aliyepimwa, na hilo ndilo ninalolalamikia.

Usiku wa pili wa matanga bibi aliniita pembeni. "Ile korona, imerudi?"

Nikamwambia nadhani imerudi.

"Redio haijasema," akajibu. Akarudi kukaa na wenzake.

Huyu ndiye mwanamke aliyenilaza jikoni siku kumi na nne bila kuamriwa na mtu. Uwezo wake haukuwa umepungua, wala woga wake, wala upendo. Kilichokosekana ni habari. Nilipokuwa nikijisifu kwamba kijiji kilijiongoza mwaka 2020, nilisahau kwamba mwaka ule redio ilikuwa bado inasema: osha mikono, kaa mbali, siku kumi na nne. Kijiji kilichukua maneno hayo kikayageuza kuwa jiko, kinu na ndoo. Mwaka uliofuata hakikupewa maneno, na busara yote ya Buha haikuweza kuyabuni.

Hili ndilo ninalotaka kuwaambia Ford na Kjekshus, kwa heshima, maana bila wao nisingelijua swali. Ni kweli kwamba watu walijua kuishi na malale. Lakini walijua kwa sababu waliona: ng'ombe anakonda, kichaka kinakaribia, jirani anasinzia mchana. Ugonjwa usioonekana, unaopimwa maabara na kuhesabiwa mjini, unahitaji mtu wa mjini aseme ukweli. Serikali ya miaka ya 1930 ilikuwa na nguvu, haikuwa na masikio. Ya mwanzo wa 2021 ilituachia uhuru wetu wote na kutunyima kitu pekee ambacho tusingeweza kujitafutia wenyewe. Anayeandika leo kusifu jamii zinazojiongoza aulize kwanza jamii hiyo ilijulishwa nini, na nani, kisha aulize nani alibaki barabarani bila maji.

Chanjo zilianza kutolewa nchini mwishoni mwa Julai 2021, chini ya Rais Samia. Bibi alichanja, akalalamika mkono siku mbili. Kijana wa Kirundi hakurudi, na ujira wake hatujamlipa.

Likizo iliyopita nilimsomea bibi kurasa chache za rasimu yangu, nikizitafsiri papo hapo. Alisikiliza huku akichambua maharage. Nilipofika kwenye sehemu ya busara ya jamii, akacheka.

"Redio ilisema kumi na nne," akasema. "Mimi niliongeza jiko."

Kisha akaniuliza kama yule kijana wa maharage nimemwandika. Nikamwambia ndiyo.

"Andika na deni."