Kwanza Dudumizi

Mwongozaji wa watazamaji ndege niliyemfuata asubuhi moja kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, alininyima darubini kwa saa nzima. Ilikuwa inaning'inia kifuani pake, na kila nilipoinyooshea mkono aliuliza, "Umeshamwona kwa macho?" Sikuwa nimemwona. Nilichoona ni tawi la mkoko lililotikisika.

Mgeni wa kazi hii huiwahi darubini, akaibandika usoni na kuizungusha majanini kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mzee huyu alimkazia ndege macho, shingo haikucheza, halafu mikono ikaipandisha darubini taratibu mpaka ikayakuta macho palepale yalipo. Hakutazama chini hata mara moja, na ndege alikuwa tayari yumo ndani. Nimelifanyia mazoezi tendo hilo dirishani jikoni wiki nzima. Bado mara nyingi naambulia bati la jirani.

"Kabla ya kutafuta ndege wa mbali," aliniambia, "mjue dudumizi wako."

Nikarudi nyumbani kwa unyonge kidogo, maana dudumizi ni nani asiyemjua? Pwani nzima inamsikia: sauti inashuka ikibubujika kama maji yanayomiminwa kutoka chupani, na watu wanasema mvua hiyo yaja. Kumwona ndiyo kazi. Ilinichukua siku nne. Siku ya tano, nimekaa kwenye kigoda bila kujitikisa, wapita njia wakinishangaa, akatoka chini ya kichaka akitembea kwa miguu, anawinda panzi. Jicho jekundu, ufito mweupe juu yake, mabawa ya rangi ya kutu, na mkia mrefu mweusi utadhani ameuazima. Alipostuka aliruka kwa uzito, hatua chache tu, akajitupa kwenye kichaka cha pili. Miaka yote hiyo alikuwa jirani yangu.

Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na anayeanza kwa kufungua kitabu anakutana nazo zote kwa mpigo. Ndiyo maana mzee huandika kwanza, kitabu baadaye. Daftari lake halianzi na rangi. Linaanza na kimo: mkubwa kuliko shorwe, mdogo kuliko kunguru. Kisha mdomo, kisha mwendo. Rangi hubadilishwa na kivuli na jua la alfajiri, lakini mdomo mwembamba uliopinda wa chozi, wa kufyonzea maua, hauwezi kugeuka kuwa mdomo mnene wa kuvunjia mbegu.

Niliporudi Mida mwezi wa Novemba, tulifika maji yakianza kujaa. Aliyapigia hesabu. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope. Yakijaa, husogezwa kidogo kidogo hadi alipo mtazamaji, naye hana haja ya kumfuata yeyote. Basi tukasimama. Wakaja ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mzito kama jambia, ambao chakula chao kikuu ni kaa. Hawa huzaliana kwenye fukwe za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu: huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja tu, jeupe.

Mmoja alikuwa wa kijivujivu, kinda la mwaka ule. Lilikwisha kuruka safari yote hiyo ya baharini, na bado lilikuwa nyuma ya mzazi likilialia, shingo chini, likiomba kaa. Mzazi akampa. Kwa maoni yangu, jambo hilo halionekani kwa aliyekuja kuhesabu aina na kuondoka. Tulikuwa tumesimama karibu saa mbili.

Aliye Nairobi ana matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege, ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971; mgeni anapokewa hata kama hajui chochote. Aliye pwani aende Mida. Daraja la mbao linalopita kwenye mikoko lina kiingilio, na fedha zake husaidia kulipa karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Uliza kwanza saa ya maji kujaa.