Mshairi na Msemaji Wake: Mjadala wa Soneti za Shakespeare

Wasomaji wetu wengi wamemjua William Shakespeare kwa tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Soneti zake hazijulikani sana kwetu. Ni tungo 154 za mapenzi, zilizochapwa mwaka 1609, na wahakiki wengi hukubali kwamba 126 za mwanzo zinamhusu kijana mwanamume.

Jambo hilo liliwasumbua watu mapema. Mwaka 1640 mchapishaji John Benson alibadili maneno katika tungo kadhaa ili mpenzi aonekane kuwa mwanamke. Ilipita zaidi ya karne moja kabla Edmond Malone, mwaka 1780, hajairejea nakala ya mwanzo.

Tangu hapo wahakiki wamegawanyika. Wapo wasemao kwamba lugha ya mahaba ilikuwa ada ya urafiki wa wanaume wa zama zile, na kwamba mshairi alikuwa na mke na watoto watatu. Wengine, kama Joseph Pequigney katika kitabu chake cha mwaka 1985, wanaona humo mapenzi yenye matamanio. Soneti ya 20 hushikwa na pande zote mbili: msemaji anavutwa na uzuri wa kijana, kisha anakiri kuwa maumbile yamemuumba kwa ajili ya wanawake.

Sisi tunaona kwamba maswali mawili yamechanganywa. Shairi linasema nini? Mtunzi alikuwa mtu wa namna gani? La kwanza hujibiwa na maandishi: msemaji anampenda mwanamume, tena kwa wivu na uchungu. La pili halijibiwi na maandishi hayo peke yake. Ndoa haithibitishi yaliyomo moyoni, wala shairi si hati ya kiapo.

Tukizitafsiri tungo hizi kwa Kiswahili, kiambishi “a-” hakitatenga mume na mke. Katika mistari mingi Benson asingepata la kubadili, na kila msomaji angemwona mpenzi amtakaye. Kwa hiyo yatupasa kuwa waangalifu zaidi, tusiyachukue mazoea yetu kuwa ndiyo maneno ya mshairi.

Mwalimu anayeficha nusu ya shairi ili kulinda heshima ya mtunzi anarudia kazi ya Benson. Naye anayemhukumu mtunzi kwa kinywa cha msemaji wake hajafanya uhakiki. Wanafunzi na wafundishwe kusoma kilichoandikwa kwanza, ndipo wabishane.