Filimbi ya Agosti 2018

Faulo ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipuliza filimbi kisha ikampa kadi nyekundu aliyechezewa rafu.

Mkasa wenyewe wengi waliushuhudia sebuleni. Kampuni za televisheni ya kulipia kwa setilaiti, Azam, DStv na Zuku, ziliamriwa kuziondoa chaneli za bure za nyumbani: ITV, EATV, Star TV, Channel Ten, Clouds. Kosa la kampuni hizo lilikuwa la kweli. Kifurushi kikiisha, chaneli za bure nazo zilikatika, na mwananchi akajikuta analipia kisicholipiwa. Tena leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba chaneli hizo. Kazi hiyo ilikuwa ya wenye mitambo ya ardhini, yaani Star Media, Basic Transmission na Agape.

Sasa tazama adhabu ilimwangukia nani. ITV haiuzi vifurushi. Inaishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye sabuni yake hulipa kwa kuhesabu watu walio mbele ya kioo. Azam ilibaki na wateja wake na Ligi Kuu ya soka iliyokuwa ikiionyesha. ITV ndiyo iliyofukuzwa nyumbani kwa watu, bila kumkatia mtu chochote.

Na dawa ilikuwa rahisi mno. King'amuzi cha kulipia hufungua chaneli kwa kadi. Chaneli ikirushwa bila kufungwa, huonekana hata kifurushi kikiwa kimekwisha mwezi mzima. Hilo hufanyika kwenye mitambo ya mrushaji. Hakuna fundi anayepanda paa la mtu. Amri ya mstari mmoja ingetosha: zibebeni, ziwe wazi siku zote, na leseni zenu tutazirekebisha.

Mezani Dar es Salaam pengine jambo lilionekana dogo, maana huko antena ya dirishani inatosha. Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, ni habari nyingine. Mawimbi ya ardhini hupenda njia iliyonyooka, na mlima ukikaa katikati picha inakufa. Dishi halina shida hiyo. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, kwa mtu wa Mbinga ni karibu utosini. Ya Azam iko nyuzi 7, ndiyo maana dishi lake pale Liuli au Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, hugeuzwa ziwani, upande wa Malawi. 

Kwamba kituo cha televisheni huishi kwa watazamaji, hata mchezo unajua. Mmarekani Gil Hova alitoa mwaka 2016 mchezo wa mezani wa kuendesha kituo cha televisheni, uitwao The Networks. Kila mchezaji huanza na vipindi vitatu vibovu, hupanga ratiba ya saa mbili, tatu na nne usiku, hununua nyota na matangazo, na baada ya misimu mitano mwenye watazamaji wengi hushinda. Kipindi kikichakaa hukimbiwa. Mchezo huo hauna milima, na hiyo ni kasoro, lakini pia hauna mwamuzi wa kukufutia watazamaji katikati ya msimu kwa kosa la jirani.

Kwa haki, kuzima analojia kwa awamu kuanzia Dar es Salaam, 31 Desemba 2012, kulifanywa vizuri. Ugonjwa ulioachwa bila tiba ni ule wa kila kampuni kuwa na king'amuzi chake, ndipo baada ya amri ya 2018 aliyetaka taarifa ya habari ya ITV akalazimika kutafuta cha pili. Zamani Radio Tanzania ya watangazaji wa mpira Charles Hilary na Ahmed Jongo haikudai kadi: betri tu, na Simba na Yanga zilifika hadi kijijini.

Mwaka 2021 Azam ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Hiyo ndiyo kampuni iliyokusudiwa kuadhibiwa.